Chaki ya Babu Chaki

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi seremala. Watoto walimwita Babu Chaki. Kwa miaka ishirini na mitatu aliendesha kambi ya likizo ya watoto wenye ulemavu. Miaka ishirini na mitatu, na nusura kambi isimalize hata wiki!

Mwaka wa kwanza mkaguzi alisema wazi: kiti cha magurudumu kisipoingia ukumbini bila kubebwa, kambi inafungwa. Babu akajenga njia ya kupandia mlangoni, imara, imepigwa randa ikang'aa. Hakumuuliza mtu. Fundi mwenye miaka thelathini kazini amuulize nani?

Siku moja kabla ya ukaguzi, msichana wa miaka tisa akajaribu kupanda na kiti chake. Akafika katikati, mwinuko ukamshinda, akarudi kinyumenyume. Mara ya pili, vilevile.

"Babu," akauliza, "hii umemjengea nani? Mbuzi?"

Watoto wakaangua kicheko. Mjane wa Babu anasimulia: "Mume wangu alikuwa mbishi, weee! Nilijua atanuna. Kumbe akatoa chaki mfukoni, akampa yule mtoto. 'Haya, fundi, nichoree.'"

Msichana akachora. Njia ianzie mbali, ipinde hapa, na hapa pawe na pa kupumzikia. Babu akang'oa kazi yake yote, akaanza upya, watoto wakimpokeza misumari. Mkaguzi alipofika, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Akapanda mwenyewe, kwa mikono yake, jasho likimtiririka, mpaka ndani. Walimshangilia kama bingwa! Kambi ikapata kibali.

Tangu hapo, wasikilizaji, pale kambini hapakupigwa msumari kabla mtoto hajashika chaki. Vitanda, bembea, hata choo. Babu alipenda kusema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Juzi aliagwa katika ukumbi uleule. Jeneza liliwekwa kwenye kitoroli alichokiunda mwenyewe, likasukumwa na watoto wake wa kambi. Mbele, kitini, alitangulia msichana yule. Leo ni mhandisi wa majengo, na ndiye mkuu mpya wa kambi. Walipofika mlangoni aligeuka, akacheka huku akilia.

"Babu," akasema, "umeingia bila kubebwa."

Kwa mjane, watoto na wajukuu, poleni sana, mlitupatia mtu. Nasi tuliobaki tujiulize: tunaowajengea njia, tumewapa chaki?