Marcelina Mbuke, Mwosha Santuri wa Bweri

Nilimwona marehemu kwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 22 Agosti 1987, hapa hapa Kibara, siku aliyoletwa kuolewa na kaka yangu Eliasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Gari lilisimama saa saba mchana, akashuka, na kabla hajampa mama yetu mkono aliuliza kivuli kiko wapi. Wanawake walicheka, wakidhani bibi harusi anaogopa kuungua uso. Kumbe kivuli kilikuwa cha kasha lake. Ndani mlikuwa na santuri thelathini na moja. Kaka yetu mkubwa, Gody, ndiye aliyelibeba mpaka chumbani, na marehemu alimwambia mbele yetu sote, "Shemeji, hizi jua likizipata zinajikunja, hazinyooki tena." Gody akaitikia kwamba amesikia. Naomba hilo likumbukwe.

Marcelina Mbuke Shija alizaliwa tarehe 3 Aprili 1962 Kisorya, mtoto wa nne wa Mzee Shija na Mama Bhoke, wote sasa ni marehemu. Alisoma shule ya msingi huko huko, akamaliza darasa la saba mwaka 1977. Hakuendelea, kama wengi wetu hapa.

Mwaka 1978 alikwenda Butiama kumpikia mwalimu mmoja mstaafu. Mwalimu yule alipenda muziki na macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo alimfundisha kumwoshea santuri zake. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni laini, kitambaa cha pamba kilichochakaa. Unafuata mistari ya santuri kwa kuizunguka, hukati katikati. Karatasi ya pale kati isilowe. Mwisho unasuuza kwa yale maji safi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, kwa sababu maji ya bomba yakikauka yanaacha chumvi, na sindano inaisoma chumvi kama makelele. Kisha unaisimamisha kivulini ikauke yenyewe. Mwalimu alipofariki alimwachia kasha.

Alipoolewa, yeye na Eliasi walifungua kibanda cha kurekodi kanda mjini Bunda, mwaka 1988. Mtu alileta kanda tupu, akachagua nyimbo, akarudi kesho. Mwaka 2003 alihamia Bweri, Musoma. Kanda zilipokufa watu walidhani na yeye amekwisha, lakini mwaka 2016 mwanawe Shija alimnunulia kompyuta, akaanza kuhamisha santuri moja moja. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa kusuuza. Wateja walilalamika anachelewa, kwa kuwa aliosha nane tu kwa siku. Mzee mmoja alimwonyesha njia ya mkato, akaitemea santuri mate na kuipangusa kwa mkono wa shati. Marehemu akamwambia, "Baba, mate yako katunzie stempu." Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na toka siku hiyo akawa mteja wa kudumu.

Ndoa yao ilikuwa ya amani. Walijaliwa watoto wawili. Eliasi alikuwa mwimbaji, na mwaka 1985, kabla hawajaoana, alirekodi santuri moja ndogo na bendi ya vijana wa Bunda. Alifariki tarehe 9 Novemba 1998. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki, ni kwenye santuri ile tu. Marehemu hakuwa ameihamisha. Ilikuwa na uchafu mwingi, akasema anaiacha ya mwisho mpaka mkono wake uwe hodari kabisa. Kwa miaka tisa aliosha za watu wengine ili ajifunzie ya mumewe.

Sasa ugonjwa. Kikao cha familia kilinitaka niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi, basi. Siandiki hivyo.

Januari mwaka huu alilazwa Musoma kwa maradhi ya figo. Gody alikuja Bweri akitaka nyimbo za zamani kwa ajili ya sherehe ya binti yake. Nilimwambia hazijaoshwa zote. Akasema, "Felisian, hizo ni sahani. Mimi naanika magunia ya dagaa kwa siku, nitashindwa na sahani?" Akanyoosha mkono. Ni kaka yangu mkubwa, na mimi tangu utoto siwezi kumkatalia mtu usoni. Nilimpa ufunguo wa chumba cha santuri. Ni mimi niliyempa. Sisemi ya Gody ili nijifiche nyuma yake.

Alichukua makasha matatu mpaka hapa Kibara. Jumapili tarehe 19 Januari ziliswakiwa ziwani kwa brashi ya kufulia na sabuni ya unga, kisha zikaanikwa kwenye vichanja vya dagaa toka saa nne mpaka saa tisa. Santuri mia moja na arobaini. Jioni zilikuwa zimelegea kama chapati. Ya Eliasi ilikuwemo. Wako watu kwenye msiba huu waliopita vichanjani siku ile, wakapiga picha, wakacheka. Na ndio hao hao toka jana wanaagiza nyimbo kwenye spika. Kila wimbo mliocheza hapa, mikono yake ndiyo iliyouosha.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani hakumgombeza mtu. Aliiweka santuri ya Eliasi katikati ya vioo viwili vya dirisha, akapanga mawe juu, siku tisa. Ilinyooka nusu. Tukaiosha, akiwa amekaa kwenye kiti maana miguu ilikuwa imevimba. Aliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano isiruke. Upande mmoja ulikubali, wa pili ulikataa kabisa. Sauti ya kaka ilitoka ikipanda na kushuka. Marehemu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Eliasi hakunywaga pombe. Leo anaimba kama mlevi." Alicheka, akauhifadhi wimbo kwenye kompyuta. Wimbo huo ndio tutakaousikia jeneza likishuka. Asiyependa unavyoyumba aende akaviulize vichanja.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa Machi, akarudishwa hospitali. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi. Kilichomuua ni figo. Lakini zile wiki chache za mwisho angezitumia kumsikiliza mumewe, si kumnyoosha kwa mawe.

Ameacha watoto wawili, Shija na Selestina, wajukuu watano, dada yake Safina aliyeko Ukerewe, na mashemeji wawili, Gody na mimi. Ameacha pia santuri mia moja sabini na nane ambazo jua halijaziona. Juzi, kabla kaburi halijachimbwa, Gody aliniomba tena ufunguo wa chumba cha Bweri, ili vitu vigawanywe. Sikumjibu. Namjibu sasa, mbele yenu wote, kwa maneno aliyoniachia mwenye chumba.

Ilikuwa Jumatatu jioni hospitalini, siku moja kabla hajafariki. Alitoa ufunguo chini ya mto, akaniwekea kiganjani na kukifunga yeye mwenyewe. Shemeji yangu Marcelina, pumzika kwa amani, nimekusikia. Aliniambia, "Chukua, Felisian. Akija kaka yako, safari hii mwambie hapana."