Mikono ya Jezi, Mechi ya Vidole

Benchi letu lina miguu mitatu na matofali mawili, na liko mbele ya mlango wa Fundi, mshona nguo, kwa sababu hapo pana kivuli na hapo ndipo Bi Birika huegesha jiko lake la kahawa. Mimi naitwa Redio. Wenye husuda husema ni kwa kuwa sinyamazi. Ukweli ni kwamba habari za mtaa huu hazijaiva mpaka zipite kwangu. Nimesoma mpaka darasa la sita na nusu, na ile nusu ndiyo iliyoniingia. Kushoto kwangu hukaa Kocha, kinyozi, ambaye hajawahi kufundisha hata timu ya kuvuta kamba, lakini hukunyoa huku akikueleza kwa nini tulifungwa, na kama tulifungwa vibaya unatoka na kipara. Kulia hukaa Daktari, mtengeneza baiskeli, aliyepewa jina hilo siku alipomfunga kuku mguu kwa spoku. Kuku alipona, akaliwa. Fundi mwenyewe hakai benchini. Hukaa ndani, hatua mbili kutoka mlangoni, nyuma ya cherehani yake, na sikio lake ndilo hukaa nasi.

Sasa asubuhi ile, juu ya meza ya cherehani palikuwa na mfuko. Aliuleta Bi Birika saa mbili. Ndani yake jezi ya taifa, mpya, bado inanukia duka. Mwenyewe ni binti wa Fundi, kitinda mimba wake, ambaye saa kumi jioni ile alikuwa anaingia kuliwakilisha taifa zima dhidi ya Majirani. Si kwa miguu. Kwa miguu Majirani wametufunga mara tatu mfululizo na hatutaki kuzungumzia. Hii ilikuwa mechi ya kwenye skrini, mtu ameketi kitini, kidude mkononi, vidole gumba viwili vinaendesha wanaume kumi na mmoja. Binti aliagiza hivi: mikono ya jezi ni mirefu, inamshukia viganjani, vidole vinajikwaa, apunguziwe. Gari la timu litampitia kwa shangazi yake saa nane mchana.

Fundi alisema, "Weka hapo." Basi. Ilipofika saa nne mfuko ulikuwa bado umefungwa fundo lilelile.

Nieleze kidogo, maana mgeni hatajua. Miezi saba nyuma, Fundi alimkuta binti yake anacheza gemu na suruali ya mteja imeungua kwa pasi pembeni yake. Akapandwa na hasira, akachukua mkasi, akakata waya wa gemu. Ule mkasi aliachiwa na mwalimu wake wa ushonaji, na ulikuwa haukatishwi hata karatasi, kitambaa tu. Siku ile mkasi ulitoka pengo, na binti akatoka mlangoni. Tangu hapo yuko kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji, na baba na mtoto hawajasemezana.

Ndipo mimi, kwa akili zangu, nikatoa mpango: tuijadili mechi kwa sauti, Fundi asikie, mpaka fundo la mfuko lifunguke lenyewe.

KOCHA: Hofu yangu ni uwanja tu. Alfajiri imenyesha. Mpira utakwama kwenye madimbwi. Na wahenga walishasema, maji yakimwagika hayazoleki. Mechi iahirishwe.

DAKTARI: Uwanja upi, ndugu yangu? Wanacheza ukumbini, wamekaa kwenye viti.

KOCHA: Basi viti vimelowa.

BI BIRIKA: Mungu wangu. Na hawa ndio wanaume tuliobakiziwa.

DAKTARI: Mimi nawaza majeruhi. Straika wetu si ana goti? Sasa yule wa kwenye skrini, amefanana naye uso, amefanana naye mwendo, kwa nini asifanane naye goti?

KOCHA: Atakuwa nalo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliambiwa apumzike, hakusikia.

MIMI: Tulieni. Wachezaji wa skrini magoti yao hutengenezwa kiwandani. Mimi nilifika kwenye kiwanda hicho.

BI BIRIKA: Lini, Redio?

MIMI: Nilipita nje. Lakini geti lilikuwa wazi.

Hapo sauti ikatoka ndani, kavu, kama mtu anayesoma kibao:

FUNDI: Mvua ya humo huwekwa kwa kitufe. Kwenye mashindano hawaiweki.

Tukatazamana. Bi Birika alikuwa anamimina kahawa, akasimamisha mkono katikati.

DAKTARI: Umejuaje, Fundi?

FUNDI: Kuna mteja alisema.

Kocha si mtu wa kuacha mlango ulioachwa wazi. Aliokota kipande cha chaki ya ushonaji kizingitini, akaanza kuchora timu kwenye saruji, miduara kama vitumbua vilivyoungua.

KOCHA: Haya. Kipa. Mabeki watatu. Viungo watano, maana penye wengi pana mengi. Mbele wawili, mmoja awe mnene. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

FUNDI: Watano.

KOCHA: Ndiyo, viungo watano.

FUNDI: Mabeki ni watano. Wale wa pembeni hupanda akinyang'anya mpira. Dakika ishirini za mwanzo hufanya kama amezidiwa, anawaacha waje, waje, halafu ndipo anawageuza. Hata kwenye nusu fainali ndivyo alivyofanya. Bao la pili lilitokea kushoto.

Chaki ya Kocha ikavunjika.

DAKTARI: Huyo mteja wako, Fundi, ni mteja wa namna gani? Anakuja kushonewa suruali au kutangaza mpira?

FUNDI: Mteja ni mteja.

Mteja huyo mimi nilikuwa namjua. Ana kioo kidogo kilichopasuka kona, huhitaji kuchajiwa kila jioni, na Fundi humsukumia chini ya vitambaa kila nikipiga hodi. Ningeweza kumtaja. Lakini hata redio huzimwa nyumba ikiwa na mgonjwa.

KOCHA: Kwa hiyo binti anajua mpira. Hilo mimi sishangai. Alipokuwa na miaka saba nilimwambia, "Mwanangu, pasi ndefu." Ameshika.

DAKTARI: Wewe kaa pembeni. Kidole gumba chake cha kulia kilibanwa na mnyororo wa baiskeli, nani alikiganga? Bila mimi leo taifa lingecheza na kidole kimoja. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

MIMI: Na nani alimsimulia habari za golikipa aliyedaka penalti huku ameshika redio kwa mkono mwingine?

KOCHA: Golikipa gani huyo?

MIMI: Unamtazama.

BI BIRIKA: Nyamazeni wote watatu. Vidole vile vimetoka humu ndani. Hamkumbuki? Alikuwa anakaa pale, kwenye kile kigoda, anafumua mapindo ya suruali. Uzi kwa uzi, kwa vidole gumba, macho yake yako barabarani anatuchekea. Hakuwahi kutoboa kitambaa hata mara moja. Mtu aliyefunzwa hivyo utamwambia nini kuhusu vitufe?

Ndani, gurudumu la cherehani lilizunguka mara moja. Hapakuwa na nguo chini ya sindano. Nilichungulia: mfuko bado, fundo bado.

Nikaona mambo yanakuwa mazito, na benchi letu halibebi uzito, matofali yenyewe mawili. Nikaongeza moto.

MIMI: Mnajua Majirani wanamleta nani? Kijana aliyefungiwa chumbani miaka mitano. Halali usingizi. Jua likizama wanamchomeka ukutani pamoja na simu zao, asubuhi taa yake ya kijani inawaka.

KOCHA: Nimesikia hiyo! Na kidole gumba chake kimoja ni cha akiba.

DAKTARI: Na umeme wetu unapita kwao. Tukiongoza mbili bila, wanakata. Dakika ya themanini, giza! Tunaambiwa mechi haikuwepo.

KOCHA: Dawa ni baiskeli. Daktari, funga baiskeli arobaini nyuma ya ukumbi, vijana wakanyage, tutoe umeme wetu wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

DAKTARI: Ninazo sita tu, na mbili hazina tairi.

KOCHA: Za nini tairi? Unataka kwenda wapi?

BI BIRIKA: Saa tano hiyo inapita. Na kahawa imebaki ya vikombe viwili.

Alisema "saa tano" akiwa amegeukia mlangoni. Kutoka kwetu mpaka kwa yule shangazi ni mwendo wa saa nzima, barabara ikiwa na huruma. Mfuko haukuguswa. Ukweli nilianza kuona mpango wangu umeshindwa, nikawa najiandaa kusema ulikuwa wa Kocha.

Ndipo akatokea dada mmoja ambaye hakuna aliyekuwa anamfahamu, kakunja sketi mkononi, zipu imekufa. Akasalimu, tukaitikia. Akauliza kama Fundi yupo, tukasema yupo na hayupo. Akataka kujua maana yake. Nani atakaa kimya akiulizwa hivyo? Tulimweleza wote kwa pamoja, kwa kunong'ona kwetu kule kunakosikika mpaka njia panda: binti, mechi, waya, mkasi, jezi, mikono, saa nane, na kijana wa kuchajiwa. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho, sketi ameikumbatia. Halafu akauliza, bila ubaya wowote:

– Kwani huko kwa shangazi yake hakuna mafundi?

Basi.

Kocha alifungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi, nadharia haikutoka. Daktari aliinama akaanza kukagua mguu wa benchi, ule wa matofali, kama ndiyo mara ya kwanza anauona. Bi Birika alijifuta uso kwa kanga, akasema moshi. Mimi, Redio, nimezungumza kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye foleni ya hospitali nikiwa na kipimajoto mdomoni, siku ile nilikosa mawimbi. Mtaa ule wa shangazi una mafundi kuliko paka. Tumeusema mkasi, tumeusema mfuko, tumesema mpaka umeme wa Majirani, na hilo hakuna aliyewahi kujiuliza.

Tukasikia mfuko unachakarika.

Sikugeuka mara moja. Nilihesabu moyoni kama mtu anayeogopa kumfukuza njiwa, kisha nikachungulia. Fundi alikuwa ameitandaza jezi mezani, anailaza mikono kwa kiganja. Hakuchukua futi. Alipima kwa macho, akaweka alama mbili za chaki, akashika mkasi. Ulikata vizuri, ulipofika kwenye pengo akaupisha kidogo, kama mtu anayejua shimo la barabara ya kwao, ukaendelea. Kisha cherehani ikalia, safari hii ina nguo.

Haikufika nusu saa. Alikata uzi, akakunja jezi, Bi Birika akanyoosha mkono.

BI BIRIKA: Lete, shemeji. Jiko atanitazamia Daktari, mimi nitamfikishia.

Fundi akamtazama kana kwamba ameambiwa ashone kwa gundi. Hapo mnatakiwa kujua kitu. Mlangoni kwake pameandikwa kwa chaki, miaka na miaka: NGUO HAITOKI MPAKA MWENYEWE AIVAE. Kocha alitolewa kitandani akiwa na homa aje kujaribu suruali ya harusi yake. Kuna mtu aliwahi kumtuma pacha wake, wamefanana mpaka kovu, akarudishwa.

FUNDI: Tangu lini nguo yangu ikatoka bila kujaribiwa?

BI BIRIKA: Lakini umeshapunguza.

FUNDI: Nimekadiria. Kukadiria si kupima. Miezi saba mtoto anaweza kuwa amekua mkono.

Binti ana miaka ishirini na mbili. Hakuna aliyemwambia.

Akachomeka sindano yenye uzi kwenye ukosi wa shati, akavaa viatu vyake vya sikukuu, akatia futi na jezi kwapani. Yule dada akainua sketi yake.

– Na zipu yangu, Fundi?

FUNDI: Kesho, dada yangu. Leo nina mteja.

Akashika njia, haraka, mwendo wa mtu aliyekwisha kuchelewa miezi mingi. Kwenye kona akasimama, akageuka. Nikadhani amesahau mkasi.

– Na nyinyi! Mabeki ni watano! Rekebisheni!

Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa matone matatu na majani. Kocha hakubisha. Alipiga magoti kwenye saruji, akaokota kile kipande cha chaki kilichovunjika, akafuta viungo wawili, akaongeza mabeki wawili.