Marehemu Emil Sedlacek, Aliyewapima Warushaji wa Mpira (1948–2019)

Padri, ndugu, majirani. Mwezi uliopita, akiwa bado anaweza kuketi, kaka yangu aliniita akaniambia, "Duane, ukisimama kunisoma, usinipambe. Watu wa Wilber wananijua." Nitajitahidi.

Emil Josef Sedlacek alizaliwa tarehe 9 Novemba 1948 hapa Wilber, Nebraska, kifungua mimba wa marehemu Josef, mwenye bucha, na marehemu Albina. Alisoma papa hapa hadi sekondari, kisha akaenda chuo cha ualimu Kearney, alikohitimu mwaka 1970. Katika timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani alikuwa mrushaji, yule anayepewa mpira na kuamua uende kwa nani huku majitu ya upande wa pili yakija kumvunja. Mwaka wake wa mwisho yalimvunja kweli. Bega la kulia halikupona sawasawa, na tangu hapo ikawa kazi yake kuwatazama wengine wakirusha.

Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa na Darlene Pospisil katika kanisa hili. Mungu akawajalia Marcella na Thomas. Shemeji yangu husimulia kwamba siku moja alimrushia mkate mezani. Emil akaudaka, akautazama, akasema, "Mkono mzuri, mke wangu, ila miguu umeipanga ovyo." Shemeji akamjibu, "Kesho nitakurushia mchuzi, uitazame vizuri hiyo miguu."

Alifundisha hesabu mjini Crete, hapa jirani, hadi mwaka 1980, timu moja ya kulipwa ilipomwajiri kupima wachezaji wa vyuoni kabla ya uteuzi wa kila Aprili, timu zinapopokezana kuchagua vijana. Yeye alipewa warushaji, kwa kuwa timu ikikosea hapo hulia kwa miaka mingi. "Mkono mzuri hata mtupa mawe anao," alikuwa akisema. "Mtazame miguu watu wanapomjia."

Katika msimu wa mwaka 1994 alimwona Wade Tillotson, mtoto wa wafuga ng'ombe kutoka Valentine, aliyechezea chuo kidogo kisichotembelewa na mtu. Emil alirudi nyumbani amechangamka kama bwana harusi. Akaenda Valentine, akaketi jikoni kwa mama yake Wade, Bi Lorna, mjane, akala pai yake ya tufaha. Bi Lorna akamwuliza, "Huko mnakompeleka, nani atamwangalia?" Emil akasema, "Mimi, mama."

Kwenye kikao cha uteuzi, Aprili 1995, mkuu wake, Bwana Garrity, alisita. "Chuo chenyewe hakina hata viti, Emil. Una hakika?" Kaka akajibu, "Huyu akishindwa, nifukuzeni."

Wakamchagua wa kwanza. Wakamwingiza uwanjani mapema mno, nyuma ya wachezaji wa kumkinga waliokuwa kama uzio wa majani. Emil alimpigia Garrity simu, akamwambia mtoto anaumizwa, asubirishwe mwaka mmoja. Akajibiwa kwamba kazi yake ni kuchagua, si kufundisha. Wade aligongwa kichwa, akagongwa tena, kisha mfupa wa bega ukavunjika. Mashabiki walimzomea akiwa juu ya machela. Baada ya msimu wa nne timu ikamwacha. Alirudi Valentine na maumivu ya kichwa yasiyokoma na vidonge ambavyo hakuweza kuviacha. Alifariki Machi 2002, akiwa na miaka ishirini na tisa.

Emil alikwenda mazikoni. Bi Lorna alimjia mbele ya watu wote. "Wewe ndiye uliyekula pai yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ukasema utamwangalia?"

"Nilisema."

Hakumpiga. Alimwambia tu, "Basi shika jeneza, upande ule kuna pengo." Kaka akalishika.

Mwaka uliofuata alitumwa kumpima kijana mwingine. Mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja. Kila mtu alimsifu. Emil peke yake alisimama kikaoni akasema, "Ameshagongwa kichwa mara mbili chuoni. Mwacheni." Garrity akamwambia, "Wewe unamwogopa Wade, wala humtazami huyu." Hata hivyo wakamsikiliza. Timu nyingine ikamchukua kijana. Alicheza miaka kumi na minne, akanyanyua kombe mara mbili. Kaka alifukuzwa kazi kwa kumkataa, lilipokuja kombe la kwanza.

Alirudi kufundisha hesabu. Jumapili alimtazama yule kijana kwenye televisheni, akiwa amesimama nyuma ya kochi. Wengi mlidhani ana kinyongo. Mimi nilikuwa naye chumbani. Kijana alipoangushwa, Emil alifumba macho na kuniuliza, "Ameamka?" Nikimwambia ameamka, alishusha pumzi. "Afadhali. Afadhali nilikosea."

Kila Aprili, siku za uteuzi, alikwenda Valentine kutengeneza uzio wa Bi Lorna. Mwaka wa kwanza alifukuzwa langoni. Wa pili akaonyeshwa mahali pa kuanzia. Mwaka 2014 madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka, lakini aliendelea kwenda. Thomas aliendesha gari, akapiga misumari, na baba yake akashika waya kwa mikono isiyotulia. Safari ya mwisho ilikuwa mwaka jana. Mwezi huu mapafu yalijaa maji. Alituaga nyumbani kwake Jumapili mchana, tarehe 27 Oktoba 2019, Darlene akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Darlene, watoto, Marcella na Thomas, wajukuu watano, na mimi mdogo wake.

Juzi nilimpigia simu Bi Lorna kumpa habari. Akauliza ibada ni saa ngapi. Nikamwuliza kama tutaje jina lake miongoni mwa wafiwa, au itamuudhi. Akasema, "Kusamehe sijamsamehe, Duane. Lakini nimefiwa. Niandike."

Bi Lorna Tillotson, tumekuandika.

Mungu ampokee kaka yetu, ampe usingizi usio na hofu.