Kiti cha Baba

Tegua hiki, mjukuu wangu: wote wameketi, na wote wanakwenda. Ni abiria wa basi, nami juzi nilikuwa mmoja wao. Kwenye televisheni iliyo juu ya dereva ilionyeshwa sinema: binti amevaa joho la kuhitimu, analia kwa sababu kiti cha baba yake kiko wazi.

Fundi rangi aliyeketi mbele yangu akapandwa na hasira. "Kila sinema ya kuhitimu, baba hayupo! Ama mlevi, ama katoroka! Kwani sisi tunaolipa ada ni mizimu?"

"Taratibu, baba, hiyo ni sinema tu," akasema muuguzi aliyeketi kando yake.

"Sinema tu? Binti yangu anahitimu leo, na mama yake amemjaza maneno hayo hayo!"

"Hongera, baba. Amekualika?"

Akaigeukia televisheni, akamfokea mtunzi, akamfokea mwigizaji, hata joho halikusalimika. Mimi nikajifanya nimelala, ili nisikie vizuri.

Basi likasimama mbele ya lango la chuo. Fundi akainuka, akajaribu kukwangua tone la rangi kwenye koti lake.

"Hakunialika," akamwambia muuguzi. "Nipishe, mwanangu, nashuka hapa."