Ridhaa ya Bi Kabati

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu ili muwe nasi asubuhi hii, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na ninayesoma ni mimi mdogo wake niliyemfuata ziwa, kwa kuwa hakuna aliyebaki aliyemjua muda mrefu kuliko mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa kuchomelea vyuma na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, ng'ambo tu ya barabara yetu, ambako alikuwa akiniandikia jina kwenye kila daftari kwa sababu mwandiko wangu, alisema, ulikuwa kama kuku amepita na miguu yenye wino, na mwaka 1972 akachaguliwa kuingia sekondari ya bweni ya wasichana.

Sasa nafika mahali ambapo familia yetu ilikuwa ikiparuka kwa miaka hamsini. Ruhusa ya kupasoma alinipa mwenyewe, kwa maandishi na sahihi, wiki mbili kabla hajafariki, akataja cha kusema na cha kuacha. Tarehe 2 Agosti 1974, akiwa kidato cha tatu, alijifungua mtoto wa kike, akakaa naye siku kumi na moja, kisha wazazi wetu wakamtoa mtoto aasiliwe na familia nyingine, naye akarudishwa shuleni kana kwamba alikuwa ameugua malaria. Kumtaja baba wa mtoto, dada hakuniruhusu, na simtaji. Ninachokumbuka ni kwamba siku mtoto alipotolewa, dada alirudi nyumbani mikono yake haijui ikae wapi.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, akasomea ukarani, na tarehe 1 Oktoba 1979 akaajiriwa katika masjala ya ofisi ya uandikishaji wa vizazi, chumba chenye dirisha moja na makabati ya chuma kumi na manne, akapanda hadi kuwa mkuu wa masjala mwaka 1991, na wenzake wakambatiza Bi Kabati, kwa kuwa ukimwuliza habari za mtu, alikuwa anajifunga. Kabati la tisa lilikuwa la watoto walioasiliwa, faili la mwanawe lilikuwemo, na tangu awe mkuu ufunguo ulikaa mfukoni mwake kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na sita, hadi alipostaafu mwaka 2017. Karani mwenzake, ambaye yuko hapa, aliwahi kumwambia, "Dada, si ufungue tu uangalie, nani atajua?" naye akamjibu, "Nitajua mimi, na siku nikimwona nitaanza kwa kumdanganya."

Tarehe 12 Mei 1984 aliolewa na fundi saa, ambaye dada alimweleza yote kabla ya posa, na shemeji akasema, "Basi tutafute nyumba yenye chumba cha ziada," wakaitafuta, wakaipata, na chumba kile hawakukipangisha hata miaka ile ya shida. Walijaliwa binti mwaka 1986 na kijana mwaka 1990, ndio hawa waliokaa mbele, na shemeji alitutoka tarehe 20 Novemba 2011.

Mwaka 2013 serikali ilileta rasimu ya sera ya kumpa raia mamlaka juu ya taarifa zake, ajue kinachotunzwa juu yake, asahihishe kilichokosewa, aamue nani apewe na nani asipewe, na katika rasimu ile kulikuwa na kifungu cha kumruhusu mzazi kupewa anwani ya mtoto aliyemtoa, kwa kuomba tu. Dada yangu aliitwa mbele ya kamati kama mtu wa masjala, akasimama, akasema, "Mama anayemtafuta mwanawe namwelewa kuliko mnavyodhani, lakini taarifa za mtu ni za mtu, aulizwe yeye kwanza," na kifungu kikabadilishwa. Nilimgombeza, nikamwambia, "Umejifungia mlango kwa mkono wako," akasema, "Nataka aje, sitaki nimkamate."

Sera ilipoanza kutumika, tarehe 1 Julai 2015, alipanga foleni kama watu wengine, akajaza fomu ya ridhaa, akaruhusu kila kitu chake apewe mwanawe atakapouliza, jina, simu, nyumba, hata picha, na tangu hapo kila Januari alikwenda kuhakikisha namba yake ya simu haijakosewa, na kila namba ngeni ikipiga, alikuwa anajifuta mikono kabla ya kupokea.

Tarehe 9 Machi 2021 ilikuja bahasha kutoka ofisi ya uandikishaji. Mwanawe aliruhusu mambo matatu: kwamba yu hai, kwamba ni mzima wa afya, kwamba ana watoto wawili. Kwenye jina aliandika hapana, kwenye anwani hapana, na kwenye nafasi ya maelezo aliandika, "Kwa sasa inatosha." Dada aliisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo, na nilipomwuliza kama imemuumiza, alisema, "Hajasema basi. Amesema kwa sasa."

Aligundulika na ugonjwa wa figo mwezi Juni 2023, akatibiwa kwa uvumilivu, na akafariki tarehe 17 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, huku bintiye akimchana nywele.

Ofisi ilikubali kuipeleka taarifa ya mazishi haya kwenye anwani ambayo sisi hatuijui. Kama umekuja, mwanetu, keti unapopenda, hakuna atakayekuchunguza usoni wala kukuuliza jina, na kama hukuja, chumba kipo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, jirani yetu mwenye duka aliyemfulia miezi saba bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa masjala waliokuwa wakija kila Jumamosi kumsimulia ofisi.

Dada yangu, umesubiri vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.