Mfuko wa Mkate Kichwani kwa Mama Leti

Benchi la kahawa la pale Shanwe, mjini Mpanda, lina miguu mitatu ya mti na mmoja wa tofali, na asubuhi hiyo walikuwa wamelikalia wazee watatu ambao ukizikusanya nywele zao zote hazijazi kijiko. Nyuma ya jiko la mkaa Eufrazia, mama Leti, alikuwa anamimina kahawa, na kila akiinama kilemba chake kinalia chwa, chwa. Chini ya kilemba kulikuwa na mfuko wa mkate, na chini ya mfuko kulikuwa na mambo. Rasta za Krismasi zilikuwa zimemng'oa nywele za mbele, za nyuma zikabaki zinakatika kama tambi kavu, na kesho ndiyo sendofu ya kumuaga binti yake Leticia anayeolewa. Saa sita wifi yake Kasilda anashuka kutoka Sibwesa kuja kumsuka. Huyo Kasilda akikiona kipara saa sita, saa kumi Sibwesa nzima inajua mpaka upana wake.

Evodi, wanayemwita Nyuki kwa kurina asali, alisogeza kikombe, akanong'ona.

— Mama Leti, ile kitu yangu umepaka?

— Nimepaka, kaka.

— Usiioshe haraka. Asali inataka kukaa, alisema, kisha akawageukia wenzake. Nyie mshawahi kuona nyuki mwenye kipara? Mwili mzima manyoya!

— Asali ni ya kulamba, alisema Ndaki, mzee wa Kisukuma aliyeuza ng'ombe akabakiza jina la Samli. Mayu, mama Leti, mimi nilikuwa na dume, mkia wake ulikuwa unafagia zizi. Kisa nini? Mafuta yalikuwa ndani ya damu. Nywele inataka samli.

Akamkonyeza Eufrazia. Eufrazia akageukia birika.

— Wasikudanganye, dada, alisema Issa, aliyehamia mjini kutoka Karema na kofia yake isiyovuliwa. Kule kwetu ziwani mwanamke akipaka mawese, kitana kinavunjika meno. Shangazi yangu alivunja vitana saba, wakaishia kumchania reki.

— Reki ya shambani?

— Kwani iko ya kanisani?

Naye akakonyeza. Maana mambo yenyewe ndiyo haya: tangu Jumatatu kila mmoja alimletea Eufrazia chupa yake kwa siri, na Eufrazia hajawahi kumkatalia mteja. Alfajiri alivimimina vyote vitatu kwenye bakuli moja, akakoroga kwa mwiko, akapaka, akavaa mfuko ili joto lisitoke. Salama yake ilikuwa moja tu, kila mzee aamini kimepakwa chake peke yake.

— Sasa nioshe saa ngapi? aliuliza. Wifi yuko njiani.

— Saa moja tena inatosha, alisema Evodi.

— Saa moja! Hata maharage hayaivi, alisema Issa. Lala nayo.

— Siku tatu, alisema Ndaki. Kama mtindi. Ukiona inabubujika, tayari.

— Kichwa kibubujike?

— Kwanza ningekuwa mimi ningelala zizini. Joto la ng'ombe linapenya mpaka kwenye mawazo.

Jua likapanda. Kichwa cha Eufrazia kikaanza kumwasha, akakijaribu kwa kidole kimoja juu ya kilemba, kama mtu anayebisha hodi. Ndipo tone la rangi ya chungwa likateremka taratibu kwenye paji la uso.

— Mawese! Issa aliruka. Sikuwaambia? Yangu hayo!

Kabla hajamaliza, nyuki akatua kwenye kilemba. Halafu wa pili.

— Na hao wamefuata mawese? aliuliza Evodi. Mama Leti?

Ndaki alikuwa ameshanyanyua pua.

— Subirini kwanza. Mbona nasikia harufu ya nyumbani kwangu?

Wazee wakatazamana. Eufrazia akainua mikono miwili, mmoja una kikombe.

— Jamani, ningemwacha nani? Wote mnakunywa kwangu.

Pikipiki ikasimama. Kasilda akashuka na kapu lake, akawatazama wazee, akawatazama nyuki, akamvuta wifi yake karibu na moshi wa jiko, akafunua ncha ya kilemba.

— Wifi, kabla ya kupaka haya, nywele uliziosha?

Eufrazia akatikisa kichwa, akamnong'oneza habari ya zile chupa tatu za siri. Evodi akatazama kikombe. Ndaki akatazama barabara ya Nsemulwa kana kwamba anasubiri ng'ombe wake warudi.

— Nyie wazee nawauliza. Stimingi ya kupaka na kufunika nywele mnaijua vizuri hivyo, nani alimwambia aoshe kwanza?

Kasilda akanyanyua birika la maji yaliyokuwa yanangoja kahawa ya pili, akayapoza kwa ya ndoo, akamkalisha Eufrazia kwenye kigoda, mgongo kwa benchi. Alimwosha mara tatu kwa shampuu ya kwenye kapu. Kisha akashika unywele mmoja wa kisogoni, akauvuta polepole. Ukavutika, ukarudi. Haukukatika.

— Nyuma pako hai. Mbele hapa, wifi, hakuna pa kushika.

Eufrazia alifumba macho.

— Utaenda kuwaambia Sibwesa?

— Niwaambie nini? Leti ananiita shangazi. Nautoa msuko kisogoni, naulaza upande, unapita hapa juu. Mtu akiuliza, ndiyo fasheni ya Mpanda. Baada ya sendofu unazifumua, unaosha, unapaka kitu kimoja, nusu saa, unaosha tena. Rasta mpaka nikuruhusu mimi.

Mabega ya Eufrazia yakashuka. Kasilda akachana njia ya kwanza, akasema kwa sauti ya kufika benchini:

— Ila wazee watatu kumletea mke wa kaka yangu chupa kwa siri, hilo, wifi, siwezi kulala nalo.

— Shemeji, alisema Ndaki, amevua pama lake. Ile ya samli usiitaje. Nyumbani bado wanaitafuta.

— Nitaona.

Issa akakohoa, akasukuma kikombe kitupu.

— Basi mama Leti, tuongezee kahawa tuyamalize.

— Maji yake ndiyo hayo, alisema Eufrazia bila kugeuka.

Yalikuwa yanakwenda mtaroni taratibu, mekundu kidogo, mafuta yakielea juu, na nyuki wawili wanayasindikiza.