Mapovu ya Tangi la Kinya

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Mukiri, hapa Makutano, Meru. Asubuhi hiyo ya baridi Kobia alitoka moja kwa moja nyumbani, akaketi na kikapu mapajani. Ndani mlikuwa na pampu ndogo ya hewa na kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu kwenye tangi la samaki. Samaki walikuwa wa bintiye, Kinya, tuliyemzika Aprili. Tangu mazishi, Kobia na mkewe Cicily hawakuwahi kuizima ile pampu. Kobia ni askari wa usiku. Alfajiri hiyo alirudi akakuta samaki wote wanaelea.

Mutegi, fundi wa redio tunayemwita Injinia, alikipuliza kijiwe kwa mdomo.

— Hii stone imeziba. Mapovu yakipungua, samaki wanakosa pumzi.

— Haijaziba, Kobia akasema. Nimeikuta ikitoa mapovu vizuri tu.

— Basi ni stima. Jana ilikuwa inapanda ikishuka. Hayo mapovu yalibeba shoti.

— Mapovu yabebe shoti, Injinia? Huyo alikuwa Nthiga, Askofu kwetu kwa sababu ya suti yake. Ni hii baridi ya mlima! Pampu inavuta baridi, inaisukuma kwa maji, damu ya samaki inaganda.

— Baridi ingetoka wapi na madirisha yamefungwa? Kobia akauliza.

— Ilivuta yenye ilikuwa humo ndani!

Injinia alicheka. Kobia hakucheka.

— Humo ndani, akasema polepole, jana Cicily alipuliza dawa ya mende. Akafunga madirisha, akaenda kwa dada yake Timau.

Mukiri aliacha kumimina kahawa. Injinia akakirudisha kijiwe kikapuni, akajifuta midomo.

— Usimwambie, Askofu akanong'ona. Sema ni stima.

— Ni yeye huwalisha, Kobia akasema. Kila asubuhi anaongea nao kama vile Kinya yuko.

Mara tukamwona Cicily akivuka barabara. Bado alikuwa na shuka la safari mabegani, na mikono imelowa hadi viwiko.

— Baba Kinya, nimetoka nyumbani. Wote wamekufa. Ni nini imewaua?

Kobia alikivuta kikapu kifuani. Askofu akatazama viatu vyake. Injinia, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, aliinua kikombe kilichokwisha kahawa akajifanya anakunywa.